KICHEKO CHA AKINA MAMA NA KITI CHA MTAWALA

Mwanachuo anayeanza somo la utawala hukutana mapema na majina mawili. La kwanza ni Woodrow Wilson, ambaye mwaka 1887, miaka mingi kabla hajawa Rais wa Marekani, aliandika makala akitaka kazi ya kutawala itenganishwe na siasa na ifanywe kuwa taaluma yenye kanuni zake yenyewe. La pili ni Max Weber, Mjerumani, ambaye kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 1922 baada ya kufa kwake. Huyu ndiye aliyeueleza urasimu kama tunavyoujua: ngazi za vyeo, mafaili, kanuni zilizoandikwa, na ofisa anayeitumikia ofisi bila hasira wala upendeleo. Kuna jina la tatu ambalo halitajwi sana darasani, ingawa wazee wetu waliishi chini yake. Ni Frederick Lugard, mwanzilishi wa utawala wa Waingereza wa kupitia kwa machifu, ambaye naye alitoa kitabu chake mwaka huohuo wa 1922 kuwafundisha Waingereza wenzake namna ya kutawala Afrika.

Wote watatu ni wanaume, lakini si hilo linalotushughulisha kwanza. Linalotushughulisha ni kwamba katika kurasa zao zote mtawaliwa analipa kodi, anatii, analalamika, na pengine anaasi. Hakuna mahali ambapo anacheka. Na hasa hakuna mahali ambapo mwanamke, akiwa na mikono iliyopakaa mawese, anamtazama mjumbe wa serikali na kumfanya aonekane mjinga mbele ya kijiji kizima.

Jambo hilo lilitokea. Lilitokea Oloko, mashariki ya Nigeria, mwezi wa Novemba 1929, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limevunja mahakama, limewaangusha machifu na kuwafikisha makaburini akina mama zaidi ya 50. Waingereza waliliita ghasia za Aba. Waigbo wenyewe wanaliita Ogu Umunwanyi, yaani Vita vya Wanawake. Tofauti ya majina hayo mawili si tofauti ya lugha tu, na katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwa nini.

Waigbo walio wengi hawakuwa na wafalme. Mambo ya kijiji yaliamuliwa katika mikutano ambamo mtu alisikilizwa kwa uzito wa maneno yake, na wanawake walikuwa na mikutano yao, iliyoitwa mikiri, ambamo walipanga taratibu za soko na za mazao na kuamua mashauri yaliyowahusu. Mkoloni alipofika alitafuta chifu, hakumpata, akamtengeneza. Alichukua mtu mmoja hapa na mwingine pale, akampa hati ya serikali na kofia ya cheo, akamweka kwenye mahakama ya wenyeji pamoja na karani na tarishi. Hawa waliitwa machifu wa hati. Mwanahistoria A. E. Afigbo aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1972, na anayetaka kujua rushwa ya makarani na matarishi wa mahakama hizo atayakuta mengi humo. Kwetu yatosha kusema kwamba mtu aliyepewa madaraka na hati iliyotoka nje hakuwa na sababu ya kuogopa maneno ya majirani zake. Alimwogopa aliyetoa hati.

Kisha ikaja kodi. Mwaka 1926 na 1927 serikali iliwahesabu wanaume wa mikoa hiyo ya mashariki, na watu waliambiwa kwamba hesabu ile haikuwa ya kodi. Mwaka 1928 kodi ikatozwa. Tunawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwa maana ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata. Mwaka 1929 bei ya mawese na ya kokwa za chikichi, ambazo ndizo zilizokuwa mapato ya akina mama, ilishuka. Mwaka huohuo kampuni kubwa za ununuzi ziliungana na kuwa United Africa Company, hivyo muuzaji akapungukiwa na mahali pa kwenda kutafuta bei nafuu. Katika hali hiyo, ofisa mmoja kijana wa Kiingereza katika wilaya ya Bende aliona kwamba orodha za kodi hazikukamilika. Akaamuru hesabu ifanywe upya, safari hii wakiandikwa pia wake, watoto na mifugo.

Ndugu msomaji, kwa mtu wa ofisini amri hii haina kosa. Orodha haijakamilika, basi ikamilishwe. Weber asingeona kasoro, wala Wilson. Lakini mama wa Oloko alikuwa na elimu yake, na elimu hiyo ilitokana na mambo yaliyokwisha kutokea: wanaume walihesabiwa wakaambiwa si kodi, na ikawa kodi. Sasa wanahesabiwa wanawake. Taarifa za serikali zililiita wazo hilo uvumi. Sisi tunaliita hoja, na ni hoja nzuri kuliko nyingi tunazosahihisha katika mitihani.

Akina mama walikutana kabla ya hesabu kuanza. Walikubaliana kwamba ikiwa wanaume tu ndio watakaoulizwa, wao watanyamaza. Lakini siku mwanamke atakapoulizwa, mbiu ipigwe. Chifu wa hati wa pale, Okugo, hakwenda kuhesabu mwenyewe. Alimtuma mwalimu wa shule aitwaye Mark Emeruwa. Emeruwa akaingia katika boma la mzee Ojim, akamkuta mke wake mmoja, Nwanyeruwa, akikamua mawese. Akamtaka ahesabu mbuzi wake, kondoo wake na watu wake. Nwanyeruwa akamuuliza kama mama yake yeye Emeruwa alikwisha kuhesabiwa. Wakashikana. Mama akakimbilia mkutanoni.

Tulitazame swali lile kidogo. Halikuwa tusi la mtu aliyekosa la kusema. Lilikuwa swali la utawala hasa, kwa sababu linauliza kama kanuni ni ya wote au ni ya wanyonge tu, na kama mwenye kalamu naye amezaliwa na mtu anayeweza kuandikwa katika daftari hilohilo. Lakini liliulizwa kwa namna ambayo kila aliyesikia lazima acheke, na aliyeulizwa hawezi kujibu bila kuzidi kuchekesha.

Yaliyofuata yanaitwa kwa Kiigbo jina ambalo maana yake ni kumkalia mwanamume. Kiswahili chetu kina usemi wa kumkalia mtu kooni, na hauko mbali sana. Mwanamume aliyempiga mkewe kupita kiasi, aliyevunja kanuni za soko la akina mama, au aliyeachia ng'ombe wake wale mazao yao, alifuatwa nyumbani kwake. Akina mama walikusanyika mbele ya nyumba, wakacheza ngoma na kuimba nyimbo zilizotaja makosa yake moja moja, na nyimbo hizo hazikusahau kutilia shaka uanaume wake. Waligonga kuta kwa michi ya kutwangia viazi vikuu. Pengine walizikandika kuta matope au kubomoa sehemu ya nyumba. Waliendelea usiku na mchana mpaka atubu na kuahidi kujirekebisha. Wanaume wengine hawakuingilia, kwa kuwa walijua kwamba jambo hilo lilikuwa halali na kwamba mkosaji amejitakia.

Emeruwa akakaliwa. Okugo naye akakaliwa. Matawi ya michikichi yakapelekwa kijiji kwa kijiji kuwaita wengine, na akina mama wakaja wakiwa wamejifunga nguo fupi, wamejipaka masizi usoni, na vichwa vyao vimezungushiwa majani. Walidai Okugo avuliwe kofia yake ya uchifu. Watu wa chifu waliwashambulia na kuwaumiza baadhi yao, jambo lililoongeza hasira. Wanawake watatu, Ikonnia, Nwannedia na Nwugo, waliteuliwa kuwa wasemaji, wakaenda ofisi ya serikali na kujadiliana kwa utulivu mkubwa. Walipata ahadi ya maandishi kwamba wanawake hawatatozwa kodi. Okugo alishitakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mpaka hapo hakuna risasi iliyopigwa. Kama historia ingekomea hapo, tungekuwa na mfano mzuri wa wananchi waliomwajibisha mtendaji kwa njia zao wenyewe kwa muda wa majuma mawili hivi, bila wakili na bila barua hata moja ya malalamiko kupotelea mezani.

Lakini habari zilitembea. Zilitembea sokoni, kwani masoko ya Waigbo hufuata juma la siku nne na mama mmoja hufika masoko kadhaa. Zilitembea pia kwa njia ya ndoa, kwa kuwa mwanamke wa Kiigbo huolewa nje ya kijiji alichozaliwa, akawa na ndugu huku na wifi kule. Serikali ilikuwa na ramani za wilaya, za barabara na za mahakama. Haikuwa na ramani ya wapi mabinti wa Oloko wameolewa. Kwa hiyo mambo yalipoanza kutokea mahali kumi kwa mara moja, katika eneo lenye watu wapatao milioni mbili, maofisa hawakuweza kuona mpango, wakaona wazimu. Akina mama wa sehemu nyingine waliwadai machifu wao kofia kama Oloko walivyodai. Mahakama za wenyeji 16 zilishambuliwa, nyingi zikavunjwa au kuchomwa moto, na wafungwa wakafunguliwa. Pale Aba, gari la Mwingereza mmoja liliwagonga wanawake wawili; umati ukaingia katika maduka ya makampuni na katika benki ya Barclays.

Mwezi wa Desemba askari waliletwa, wakapiga risasi. Walipiga Abak na Utu Etim Ekpo, na wakaua wengi zaidi Opobo tarehe 16. Waliokufa walizidi 50 na waliojeruhiwa walikuwa kiasi hicho. Upande wa pili hakuna ofisa wala askari aliyeuawa. Wengi wa akina mama waliamini kwamba hakuna askari anayeweza kumpiga mwanamke risasi, na baadhi yao waliendelea kucheza na kuimba mbele ya bunduki. Tunapofundisha sehemu hii huwa hatuongezi maneno.

Sasa tuangalie jinsi watawala walivyoyasoma mambo haya, maana hapo ndipo nadharia inapoingia. Tume kubwa ya uchunguzi ilikaa mwaka 1930 chini ya Jaji Mkuu wa Nigeria, Donald Kingdon, na ilisikiliza mamia ya mashahidi, wanawake wengi wakiwamo. Ushahidi wao ulichapishwa, na ni hazina. Lakini maofisa walioitwa mbele ya tume walikuwa wakizunguka swali lilelile: nani aliwatuma? Ikiwa wanawake wamejipanga hivi, basi lazima wako wanaume nyuma yao. Nyimbo zilihesabiwa kuwa uchafu. Ngoma ilihesabiwa kuwa kichaa. Masizi na majani vilihesabiwa kuwa ushenzi. Hakuna aliyejiuliza kama aliyekuwa mbele yake ni mahakama iliyokaa kihalali, yenye hukumu yake na adhabu yake, ambayo tofauti yake kubwa na mahakama ya Okugo ni kwamba hii ilikuwa na imani ya watu.

Mwandishi aliyelisema hili waziwazi ni Judith Van Allen, Mmarekani, katika makala yake ya mwaka 1972. Alionyesha kwamba Waingereza walikuja na fikra za nyumbani kwao za karne ya 19, kwamba siasa ni ya wanaume na mahali pa mwanamke ni jikoni. Kwa hiyo walipojenga utawala wao walizifuta taasisi za wanawake bila hata kujua kwamba wamezifuta. Hawakuzipiga marufuku kwa chuki, hawakuziona. Tunadhani hii ni hoja nzito kuliko ile ya kawaida isemayo kwamba mkoloni aliwadharau wanawake. Mtu anayekudharau anajua upo.

Kuna kiungo hapa na nchi yetu ambacho vijana wengi hawakijui. Donald Cameron, ambaye aliletwa Tanganyika kuwa Gavana mwaka 1925, alitokea Nigeria, alikokuwa Katibu Mkuu wa serikali. Alikuja na mizigo yake, na ndani ya mizigo hiyo ulikuwamo utawala wa kupitia kwa machifu. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 ni kazi yake, na mahali ambapo chifu hakuonekana alitafutwa. Mwaka 1931 akarudishwa Nigeria kuwa Gavana, akakuta nyumba inanuka moshi. Ndiye aliyesimamia mabadiliko ya mwaka 1933 yaliyowaondoa machifu wa hati na kuweka mabaraza yanayokaribiana zaidi na desturi za vijiji. Kwa ajili hiyo husifiwa. Lakini hata katika mabaraza hayo wanawake walioketi walikuwa wachache mno, na serikali iliendelea kuharamisha adhabu yoyote isiyotolewa na vyombo vyake. Maana yake ni kwamba kumkalia mtu kulikuwa kosa la jinai. Akina mama walipigania kiti, wanaume wakarudishiwa kiti, na ngoma yao ikaandikwa katika orodha ya makosa.

Nadharia ya ukombozi wa wanawake imetupa zana za kuyachambua haya, ingawa wengi waliozitengeneza hawakuwa wakiifikiria Afrika. Mwaka 1975 mwandishi wa Kifaransa, Hélène Cixous, mzaliwa wa Algeria, alitoa insha juu ya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wayunani mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye mwanamume akimtazama hugeuka jiwe. Cixous anadai kwamba hofu hiyo ni ya wanaume, na kwamba anayethubutu kumtazama atamkuta anacheka. Tukiri kwamba insha yenyewe ni ngumu na inahusu zaidi uandishi kuliko utawala, na mwanachuo anayetafuta humo maelezo ya unyonyaji atatoka mikono mitupu. Lakini picha yake inamfaa ofisa wa Bende kuliko picha yoyote tunayoijua. Alikutana na wanawake wanaocheka, naye akaona nyoka.

Kathy Ferguson, Mmarekani, alikwenda karibu zaidi na mada yetu katika kitabu chake cha mwaka 1984. Anasema kwamba urasimu humweka mtu wa chini, awe karani au mwananchi aliyekuja na shida yake, katika hali ambayo wanawake wamewekwa siku nyingi: kumsoma mkubwa usoni, kumpendeza, kutabasamu pasipo na la kutabasamia. Mwananchi aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi toka asubuhi huku ameshika kofia mkononi hahitaji kusoma kitabu hicho. Amekwisha kujifunza kicheko cha kunyenyekea, ambacho ni kinyume cha kicheko cha Nwanyeruwa.

Naye Camilla Stivers, mwaka 1993 na tena mwaka 2000, aliirudia historia ya taaluma yenyewe kule Marekani. Anaonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa ya wanaume wa ofisi za utafiti wa miji, waliotaka utawala uendeshwe kama biashara, kwa hesabu na ufanisi. Nyingine ilikuwa ya wanawake waliokwenda kuishi katika mitaa ya maskini, kama Jane Addams, aliyeanzisha Hull House pale Chicago mwaka 1889. Mwaka 1895 Addams alikubali kazi ya ukaguzi wa takataka katika kata yake, akawa anayafuata magari ya taka asubuhi na mapema kuona kama yanafanya kazi. Taaluma ilipoandikwa, ilimchukua babu upande wa kwanza na kumsahau bibi upande wa pili. Utawala ukawa jambo la takwimu, na takataka zikawa jambo la huruma.

Kuna hoja ya kupinga ambayo lazima ijibiwe, kwa sababu ina nguvu. Mwanaelimu wa jamii Max Gluckman, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1954, alieleza desturi za kusini mwa Afrika ambamo watu huruhusiwa kwa siku chache kuudhihaki utawala. Mathalan, mabinti wa Kizulu walivaa mavazi ya wanaume na kuchunga ng'ombe, jambo ambalo siku nyingine ni mwiko. Gluckman alisema kwamba uasi wa namna hii hauupunguzii utawala kitu. Unauimarisha, kwa kuwa watu hutoa dukuduku lao kisha kesho yake kila mtu anarudi mahali pake. Kicheko basi ni tundu la kutolea mvuke.

Hatuwezi kuikataa hoja hiyo moja kwa moja. Hapa kwetu tuna utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita, kisha wakawa watani, na mtani anaweza kusema msibani maneno ambayo akiyasema mwingine atapigwa. Utani huu umepoza mengi. Lakini hatukumbuki chifu aliyeng'olewa na watani wake. Vivyo hivyo, kuna kicheko kitokacho juu kwenda chini, cha mkubwa anayemcheka mwombaji mbele ya wenzake, na hicho hakimkomboi yeyote. Anayesema kwamba kicheko chenyewe ni mapinduzi amekosea sawa na asemaye kwamba hakina maana.

Tofauti, kwa maoni yetu, iko katika mambo ambayo yanaonekana wazi Oloko. Kicheko kile hakikuwa na siku yake katika kalenda. Kilianza kosa lilipotokea na kilikoma kosa liliposahihishwa. Kilikuwa na madai yanayoweza kutajwa: kodi isiwepo, kofia ivuliwe. Na nyuma yake palikuwa na mkutano uliokwisha kukubaliana. Nyimbo zilikuwa kama hati ya mashitaka inayosomwa hadharani, na kucheka kwa wasikilizaji ndiko kulikokuwa kupiga kura. Mtawala aliyezoea kutii ngazi anaweza kustahimili malalamiko, kwa sababu lalamiko linakiri ukubwa wake. Kicheko kinaukana.

Mfano wa nyumbani upo. Wakati wa vita vya pili serikali ya kikoloni, kupitia baraza la machifu tisa wa Upare, ilianzisha kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Ili ikubalike iliitwa mbiru, jina la ushuru waliotoa Wapare kwa watawala wao wa zamani. Watu hawakudanganyika kwa jina. Walipinga hasa namna ya kukadiria: nani anayejua mali ya mwenzake, na kwa kipimo gani? Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani, wakaenda Same na kukaa hapo kwa miezi mingi wakingoja jibu. Profesa Isaria Kimambo ameieleza habari hii vizuri katika kijitabu chake cha mwaka 1971, na hatuna haja ya kuirudia yote.

Wanaume wakiwa Same, mashamba na nyumba viliachwa kwa akina mama, nao ndio waliokuwa wakiwapelekea chakula. Mwaka 1946 Bwana Shauri alipofika Usangi, mamia ya wanawake walimkabili na dai ambalo halikuwamo katika kitabu chochote cha utawala. Walisema kwamba, kwa kuwa serikali imewazuia waume zao wasirudi nyumbani, basi ama amalize shauri la kodi waume warudi, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwaka 1947 mbiru iliondolewa. Haikuondolewa na dai hilo peke yake; subira ya wale waliolala Same ilifanya kazi kubwa. Lakini tunaomba wasomaji wapime dai lenyewe. Linasema kwamba kodi haiishii kwenye daftari. Inafika kitandani, inafika shambani, na inafika katika kizazi kijacho, na nani atabeba gharama hiyo? Wachumi wetu wamechukua kurasa nyingi kusema hivyohivyo juu ya kazi ya mwanamke isiyolipwa. Akina mama wa Usangi walisema kwa sentensi moja, na ofisa hakuwa na ngazi ya kupandia ili aonekane mkubwa tena.

Kule Kom, katika Kameruni iliyokuwa chini ya Waingereza, akina mama waliitumia mwaka 1958 desturi yao ya dhihaka iitwayo anlu kupinga amri ya kulima kwa matuta yanayofuata kontua, pamoja na hofu ya kuuzwa kwa ardhi yao. Mkulima wa Uluguru anayekumbuka mambo ya matuta ya mwaka 1955 hahitaji kuelezwa hasira ile. Anlu ilienda mbali zaidi ya Oloko kwa kuwa iliingia katika siasa za vyama na kukisaidia chama cha upinzani kushinda uchaguzi wa mwaka 1959. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Tukubali pia upungufu wetu wenyewe. Kwa miaka mingi sisi wakufunzi tulifundisha somo la utawala tukianza na Wilson na Weber, tukipitia kwa Lugard ili tumlaani, na kumalizia kwa wajibu wa mtendaji. Wanawake waliingia katika mhadhara wa mwisho kabla ya mtihani, chini ya kichwa cha maendeleo ya jamii. Siku moja tuliieleza habari ya Usangi ili kuchangamsha darasa lililochoka. Wanaume walicheka sana. Mama mmoja, mtendaji wa kata wa miaka mingi, alinyoosha mkono akauliza: "Ndugu mkufunzi, hawa wenzetu wanamcheka Bwana Shauri, au wanawacheka wale akina mama?" Darasa likanyamaza. Sisi pia tulinyamaza, kwa sababu tulijua tumeieleza habari kwa namna ambayo majibu yote mawili yaliwezekana.

Tangu hapo tumebadili mpango. Somo linaanza Oloko, na Weber anakuja baadaye, akiwa na kazi ya kujibu. Zoezi la kwanza ni fupi. Mwanachuo anaambiwa kwamba yeye ni Mark Emeruwa, amerudi kutoka kwa mzee Ojim, na anapaswa kumwandikia Chifu Okugo taarifa ya ukurasa mmoja. Walio wengi huandika kwamba mwanamke mmoja alikataa kuhesabiwa na kumshambulia mtumishi akiwa kazini, na wanapendekeza hatua zichukuliwe. Wengine huongeza kwamba wananchi waelimishwe. Yule mama wa kata aliandika mistari mitatu: kwamba amekwenda, kwamba ameulizwa kama mama yake alikwisha kuhesabiwa, na kwamba anaomba Chifu ampe jibu la kurudi nalo kesho. Chini, mahali pa idadi ya mbuzi na kondoo, aliacha wazi.